Nyumba ya Ujira na Nyumba ya Sala

Miongoni mwa maswali ambayo wanadini na wanafalsafa wamerithishana tangu dahari, liko moja ambalo sisi wakazi wa Rwimbogo, tarafa moja katika zile kumi na nane za wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, hatuwezi kulijadili kwa utulivu wa wasomi waliokaa mbali, nalo ni hili: mtu anayewindwa akiingia mahali kuomba hifadhi, ni kitu gani cha mahali pale kinachomzuia mwindaji asiingie nyuma yake? Je, ni ukuta? Je, ni wakfu, kwamba mahali pale palitengwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na maji ya baraka yakanyunyizwa juu yake? Au ni hesabu tu ya mwindaji, ambaye husimama mlangoni akapima faida na hasara, na hasara ikizidi akageuza njia?

Siulizi kwa kupenda mafumbo. Katika nchi yetu, mwaka 1994, zilikuwako nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya sala ambazo watu walizikimbilia wakauawa ndani yake, na ilikuwako nyumba moja iliyojengwa kwa ajili ya faida, yenye baa, jiko la Kizungu na hodhi la kuogelea, ambamo watu zaidi ya elfu walikaa wiki nyingi na hatimaye wakatoka wakiwa hai. Mwenye imani akiyaweka mambo haya mawili ubavu kwa ubavu hana budi kutaka maelezo, na akiogopa kuyataka, imani yake itakuwa ni adabu tu.

Nyumba hiyo ya faida ni Hôtel des Mille Collines ya Kigali. Ilifunguliwa mwaka 1973, mali ya Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, kwa hesabu ambayo mashirika mengi ya ndege ya zama zile yalikuwa nayo, ya kwamba abiria aliyeshuka jioni katika ndege ya tajiri alale pia katika kitanda cha tajiri yule yule. Kigali yenyewe ilikuwa mji mchanga: Mjerumani Richard Kandt aliuasisi mwaka 1907 kama kituo cha serikali, na haukupata hadhi ya mji mkuu mpaka uhuru wa mwaka 1962, kwani kabla ya hapo Wabelgiji walitawala kutoka Usumbura na Mwami, yaani mfalme, alikuwa Nyanza. Kwa hiyo jengo la ghorofa tano lenye vyumba 112, lililosimama juu ya mteremko wa Kiyovu likiangalia mabonde, lilikuwa ajabu ya kutosha kwa taifa lenye umri wa miaka kumi na mmoja. Leo limefunikwa na majirani zake. Jengo la Kigali City Tower lina ghorofa ishirini, na tangu mwaka 2016 Marriott na Ubumwe Grande zimesimama katikati ya mji kwa urefu na vioo ambavyo hoteli ile ya zamani haikuviota. Lakini katika miaka ile ya sabini na themanini, aliyesema "nimelala Mille Collines" hakuhitaji kueleza zaidi hali yake ya fedha wala ya siasa. Walilala humo wataalamu wa miradi, marubani, mabalozi wasiopata nyumba. Na jioni walikunywa humo mawaziri, maafisa wa jeshi na wafanyabiashara wenye haja na mawaziri. Mkulima wa Rwimbogo aliyevuka msitu wa Nyungwe kwa lori kwenda kutafuta hati serikalini aliiona hoteli ile kwa kupita barabarani. Sisemi haya kwa husuda. Kila mji mkuu una nyumba ya namna hii, na kila nyumba ya namna hii ina mlinzi mlangoni ambaye kazi yake ni kumtambua asiye mgeni.

Sasa turudi katika vitabu, kwa kuwa jambo la hifadhi ni la kale kuliko hoteli zote. Torati iliamuru wana wa Israeli watenge miji sita ya kukimbilia, tena jambo halikuishia katika kuitenga, bali Kitabu cha Yoshua kiliweka sharti kwamba aliyeua bila kukusudia asimame langoni, wazee wa mji wamsikilize, ndipo apokewe. Makka ilikuwa na amani tangu kabla ya Mtume, na amani ile ilidumu kwa sababu makabila yaliyokuwa yakichinjana kwingine kote yaliafikiana kwamba pale hawatachinjana. Na Waislamu wa kwanza walipodhikishwa na Makureshi, yapata mwaka 615, walivuka bahari kwenda Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo, ambaye wajumbe wa Makureshi walimfuata na zawadi ili awarudishe. Naye aliwasikiliza kwanza wakimbizi, kisha akazirudisha zawadi. Ukiyachungua masimulizi haya matatu utaona kwamba katika kila moja mahali hapatendi kazi peke yake. Langoni mna mzee anayesikiliza, uwandani mna mkataba wa watu wenye silaha, katika kiti cha enzi mna mtu anayekataa kununuliwa. Ardhi yenyewe imenyamaza.

Wahenga wetu wa Rwanda hawakuwa na haja ya kusoma haya ili kuyaamini, maana waliyajaribu. Zilipozuka fujo za mwaka 1959, na tena mwaka 1963, watu waliochomewa nyumba walikimbilia misheni, na aghalabu waliokuwa ndani ya misheni hawakuguswa. Desturi hiyo ilikaa katika kumbukumbu za jamaa: hatari ikija, twaeni watoto, nendeni kwa mapadri. Kwetu misheni ni Mibilizi, parokia iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, miongoni mwa zile za mwanzo kabisa nchini, na wazee wengi wa upande huu walibatizwa, wakaoana na kuzikiwa wazazi wao kwa kengele yake. Basi ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994, na mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza, watu wa vilima vyetu walifanya kama walivyofundishwa na miaka ile miwili. Walikwenda Mibilizi, wengine Shangi, wengine kanisa kuu la Cyangugu, mkoa wetu wa zama zile. Mibilizi na Shangi waliuawa ndani ya mipaka ya parokia. Waliokuwa katika kanisa kuu walihamishwa na wakuu wa serikali tarehe 15 Aprili wakapelekwa uwanja wa mpira wa Kamarampaka, ambako majina yalisomwa kutoka katika orodha, na waliosomwa walitolewa wakaenda kuuawa.

Hapa ndipo mtu mwepesi wa kuhukumu husema kwamba utakatifu wa kanisa ulikuwa uwongo tangu mwanzo. Mimi sikubaliani naye, wala sikubaliani na yule anayejibu kwa haraka kwamba Mungu alikuwa akiwajaribu waja wake. Ninavyoona, mwaka 1959 ukuta wa misheni ulilindwa na kitu kilichokuwa nje ya ukuta, yaani hofu ya washambuliaji kuonekana na Wazungu wakivunja nyumba ya Wazungu, na heshima iliyobaki katika mioyo yao, kwa kuwa walikuwa waumini wa kanisa lile lile. Mwaka 1994 hofu ile iliondoka, kwa kuwa Wazungu wenyewe waliondolewa kwa ndege katika siku chache. Na heshima ile ilikwisha kuharibiwa na mafundisho ya chuki yaliyotangulia miaka mingi. Waliokimbilia misheni waliutegemea mkataba ambao upande wa pili ulikuwa umekwisha kuuvunja moyoni pasipo kuwatangazia.

Na hoteli je? Mameneja wa Kizungu walipoondoka, Paul Rusesabagina, aliyekuwa meneja wa Hôtel des Diplomates, alikuja kuishika Mille Collines kwa idhini ya Sabena. Watu walikuwa wakimiminika: wafanyabiashara, wanasheria, mapadri, watumishi wa serikali, wake na watoto, mpaka hesabu inayotajwa sana ikafika watu 1,268 katika vyumba vile 112, na wasiopata chumba walilala ushorobani. Maji ya bomba yalipokatwa, walichota maji ya hodhi la kuogelea kwa ndoo, wakayanywa na kuyapikia. Simu nazo zilikatwa, ila waya mmoja wa faksi ulisahauliwa, na kwa waya huo walipiga Brussels, Paris na kwingineko, wakawaamsha usiku watu wenye vyeo. Askari wachache wa Umoja wa Mataifa walikaa langoni, ijapokuwa Baraza la Usalama, katika azimio lake namba 912 la tarehe 21 Aprili, lilikuwa limeamua kupunguza kikosi chao hadi watu 270. Majenerali waliokuwa na uwezo wa kuzima vizuizi vya barabarani au kuviwasha walikuja kunywa, nao walipewa mvinyo, wakasikilizwa, wakaondoka. Tarehe 3 Mei msafara wa kwanza wa kuwahamisha watu ulizuiwa njiani na wanamgambo, abiria wakapigwa, wakarudishwa hotelini. Ndipo baadaye, kwa mapatano ya kubadilishana watu kati ya pande mbili za vita, serikali na waasi waliopigana nayo, walipotolewa salama.

Tazama basi jinsi kisa hiki kilivyopinduka kikilinganishwa na kile cha Habasha. Kule zawadi zilitolewa na mwindaji kumpa mlinzi, na mlinzi akazikataa. Hapa zawadi zilitoka kwa mwenye nyumba kwenda kwa mwindaji, na mwindaji akazipokea. Mwenye kutaka kuiita Mille Collines mahali patakatifu atakutana na kizingiti hiki. Nyumba ile ilisimama kwa sababu kuiangusha kulikuwa na gharama: mali ya kampuni ya kigeni, sauti inayofika Ulaya, waandishi wa habari, bendera ya samawati getini, chupa za mvinyo ghalani. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo mwanateolojia angeliweka katika fasili ya utakatifu.

Tena liko jambo jingine ambalo hulizima kabisa wazo la kwamba jengo lina fadhila yake. Hôtel des Diplomates, iliyokuwa mwendo mfupi kutoka Mille Collines, nayo ikiendeshwa na Sabena hiyo hiyo, ndiyo iliyowakaribisha mawaziri wa serikali ya mpito mwanzoni mwa Aprili kabla hawajakimbilia Gitarama tarehe 12. Serikali iliyosimamia mauaji ililala katika mashuka ya kampuni ile ile iliyowatandikia waliokuwa wakiwindwa. Mahali pa Diplomates leo pana hoteli ya Serena, na mgeni anayekunywa kahawa ukumbini huenda asijue ni nani aliyekaa pale.

Limebaki suala la ujira, na hili ndilo linalowashughulisha zaidi watu wa dini. Baadhi ya waliookoka hotelini wamesema kwamba walidaiwa fedha za chumba na za chakula, au walitiishwa waandike hati za kulipa. Meneja naye ametoa maelezo yake, na wako waliomtetea. Ugomvi huo sitauamua mimi. Ninachouliza ni kama ujira, ukichukuliwa, hubatilisha hifadhi. Mafakihi wanatenga ijara, ambayo ni kuuza manufaa kwa muda na kwa thamani inayojulikana, na dhiafa, ambayo ni haki ya mgeni kwa siku tatu. Na methali yetu ya Kiswahili inaafikiana nao kwa ukali kidogo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mafakihi hao hao hawasemi kwamba aliyepangisha nyumba amejivua dhima kwa mpangaji. Sheria ya Warumi ilikwenda mbali zaidi, ikamwajibisha mwenye nyumba ya wasafiri kwa mizigo ya wageni wake hata pasipo kosa lake mwenyewe, kwa kuwa amewaalika waiweke chini ya dari lake. Nimestaajabu siku zote kwamba sheria iliyoulinda mfuko wa msafiri kwa uangalifu namna ile haikuona haja ya kutaja shingo yake. Labda ilidhani ni jambo lisilohitaji kuandikwa.

Kwa rai yangu, ujira hauondoi dhima. Huigeuza sura tu. Aliyepokea fedha amekiri kwamba yuko mlangoni kwa hiari yake, na aliyekiri hivyo hawezi kusema baadaye kwamba hakujua aliyepita. Dhiafa ya bure ina uzuri wake, ila ina udhaifu pia, kwa kuwa mwenyeji anaweza kuifuta kwa sababu yoyote, hata ya kuchoka. Anayestahili kulaumiwa katika ujira ni yule anayemtoa nje asiye na cha kulipa wakati nje pana panga. Huyo ameuza kitu ambacho hakikuwa chake kuuza. Kant, katika risala yake ya mwaka 1795 juu ya amani ya kudumu, alimpa mgeni haki ya kuzuru tu, kisha akaongeza kwamba haijuzu kumfukuza ikiwa kufukuzwa ndiko kuangamia kwake. Kwa neno hilo mwanafalsafa wa Königsberg, ambaye hakupenda kusafiri hata siku moja, alifika karibu na sisi kuliko wengi waliosafiri.

Juu ya meneja mwenyewe dunia imegawanyika. Filamu ya mwaka 2004 juu ya hoteli ile ilimfanya mashuhuri, na mwaka 2005 Rais wa Marekani alimvisha nishani kubwa ya raia. Mwaka 2021 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya ugaidi yanayohusiana na kundi lililoshambulia raia katika msitu wa Nyungwe na maeneo jirani, msitu ambao sisi wa Rusizi tumezoea kuupita tukienda Kigali kwa barabara. Na Machi 2023 akaachiliwa. Wengi hutaka kuisoma hoteli kwa kumtazama yeye, mtu wa kusifiwa kabisa au kulaaniwa kabisa, na kwa kufanya hivyo wanasahau walikuwamo wengine. Alikuwamo Kapteni Mbaye Diagne, Mwislamu wa Senegal, mtazamaji wa Umoja wa Mataifa asiyebeba silaha, ambaye aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana baada ya mama yao kuuawa, kisha akawa akitoka na gari lake akiwaleta hotelini watu watatu, watano, kila mara akipita vizuizi kwa sigara na mizaha, mpaka kombora lilipomuua kizuizini tarehe 31 Mei. Hakuwa mwenye nyumba wala mpangaji. Katika Sura ya Tauba imo aya inayoamuru kwamba adui akiomba himaya apewe, na amri hiyo haiishii katika kumpa himaya, bali inaendelea kutaka afikishwe mahali pake pa amani. Wafasiri wengi hukaa juu ya sehemu ya kwanza. Kapteni huyu aliishi, na kufa, katika ile ya pili.

Nirudi Rwimbogo. Mkulima wa hapa, laiti angaliijua njia na angaliweza kuvuka vizuizi vyote kutoka Rusizi hadi Kiyovu, mlango wa hoteli ungalimpokea kwa jina gani? Waliookoka mle walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wenye namba za simu za watu. Sikusudii kuwapunguzia haki yao ya kuishi. Kila nafsi iliyotoka mle ni neema. Ila hifadhi inayotegemea kujulikana ughaibuni imewaacha nje karibu watu wote, na siwezi kuipa cheo kile walichokipa wazee wa langoni katika miji ile ya kukimbilia, ambao walimsikiliza mkimbizi kabla ya kumjua.

Na ilikuwako hifadhi ya namna nyingine, tena karibu nasi. Wale waliobaki hai Kamarampaka, pamoja na waliotolewa sehemu nyingine za Cyangugu, walipelekwa Mei katika kambi ya Nyarushishi, wakafika yapata elfu nane, chini ya turubai, bila faksi, bila mvinyo, bila mwenye mali wa kigeni. Kamanda wa jandarma wa Cyangugu, Luteni Kanali Innocent Bavugamenshi, aliweka watu wake kuilinda, na wanamgambo walipokuja kuwamaliza waliokuwamo walizuiwa, hadi majeshi ya Wafaransa yalipowasili mwishoni mwa Juni. Sare aliyoivaa kamanda huyo ilikuwa ya dola ile ile iliyokuwa ikiua. Hakuna aliyempigia kutoka Brussels. Kama alipima faida na hasara, mizani yote ilikuwa upande wa kuwaachia wauaji wapite.

Sabena ilifilisika mwaka 2001, hoteli ikauzwa mwaka 2005, na kwa jina lake la zamani ikaendelea kupokea wageni, wengi wao wakitaka kuliona hodhi. Nyarushishi haina hodhi la kuonyesha. Baadaye pakawa kituo cha kupokelea wakimbizi wanaovuka kutoka Kongo. Mwanafunzi wa teolojia au wa fikihi akinijia kuuliza aanzie wapi utafiti wake juu ya maana ya mahali patakatifu, nitamwambia asianzie Kiyovu. Ashuke Kamembe, mjini kwetu Rusizi, aulize njia ya Nyarushishi, na akiwapata wazee waliokuwa kambini awaulize jambo moja: siku wauaji walipofika na kuwataka watu, wale askari waliwajibu nini, na kwa nini walidhani jibu lao lingeheshimiwa?